KUBALI FUNGUO, KISHA IPINGE NYUMBA

1. Ushauri wa aina mbili, na wote mbovu

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba mnaosoma kimyakimya, leo naanza mfululizo na nitasema bila kuzunguka.

Mama asiye na makazi akipewa nyumba na kaunsili hapa England, watu wetu humpa ushauri wa aina mbili. Kundi la kwanza: "Shukuru Mungu, chukua, nyamaza." Kundi la pili: "Kataa hiyo shoga yangu, watakupa nzuri zaidi." Ushauri wa kwanza unaumiza watoto kidogo kidogo. Wa pili unaweza kuwatoa nje watoto hao hao kwa siku moja.

Njia ya tatu ipo, tena imeandikwa kwenye sheria, ila kwenye magrupu yetu huisikii. Chukua funguo. Ingia. Halafu ndani ya siku 21 iandikie kaunsili kwamba nyumba hii haitufai na unaomba uamuzi wao upitiwe upya. Kuingia hakufuti haki yako ya kupinga.

Mimi ni nesi wa hospitali, nipo wodi ya watoto. Nina diploma ya uuguzi, sina digrii ya sheria, na hapa siwi wakili wako. Ila barua za nyumba ninazowekewa mezani na akina mama zimenifundisha kusoma. Ninayoandika ni ya England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao. Na sitamtaja mgonjwa wala kaunsili niliyokutana nayo kazini. Siri ya mgonjwa ni siri.

2. Nesi na habari za nyumba wapi na wapi?

Hili naulizwa sana. Jibu langu ni hili.

Mtoto analetwa usiku, kifua kinabana, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tunampa oksijeni, tunampa pampu ya pumu, anatulia. Siku ya pili anacheka na kutupa vitu chini. Tunamruhusu. Anarudi kwenye chumba chenye ukungu mweusi ukutani, dirisha halifunguki, nguo zinaanikwa humo humo. Wiki chache, huyo tena mlangoni. Dawa namwandalia mimi, lakini ugonjwa anausubiria nyumbani.

Na wachanga je? Kazi yangu ni kumfundisha mama kwamba mtoto mchanga alale chali, kwenye kitanda chake mwenyewe, godoro gumu na tambarare, bila mito. Mama ananisikiliza kwa adabu, halafu ananiuliza, "Nesi, hicho kitanda nikiweke wapi?" Chumba ni kimoja, wao ni wanne.

Hizi si hadithi za wodi moja. Mwaka 2025 kaya zaidi ya 130,000 nchini England zilikuwa kwenye makazi ya muda, na humo walikuwemo watoto zaidi ya 160,000. Takwimu za taifa za vifo vya watoto zilionyesha kwamba kati ya 2019 na 2023, kuishi kwenye makazi ya muda kulitajwa kuwa mojawapo ya mambo yaliyochangia katika vifo vya watoto 55. Kati yao 42 walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja. Soma tena namba hiyo ukiwa umempakata wako.

Na wengi mnalijua jina la Awaab Ishak. Mtoto wa miaka miwili, Rochdale, alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ulisema wazi kwamba sababu ilikuwa ukungu wa kwenye flati yao. Baba yake alishalalamika tangu 2017. Leo ipo sheria yenye jina la mtoto huyo, inayowabana wenye nyumba za umma washughulikie unyevu na ukungu ndani ya muda uliopangwa. Ilianza kutumika Oktoba 2025. Mtoto alishazikwa.

Kwa hiyo usiniulize nesi na nyumba wapi na wapi.

3. Kwa wale wa "shukuru, nyamaza"

Najua mnasema kwa upendo. Shangazi anasema, mchungaji anasema, ustadhi anasema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." "Hii si nchi yetu." "Wengine wanalala nje."

Methali hiyo naijua. Ila huyu mama ameshainama sana. Amejaza fomu, amehojiwa, amefunguliwa akaunti yake ya benki ikasomwa mstari kwa mstari, ameulizwa ndoa ilivunjikaje. Sasa mnataka ainame mpaka lini? Ipo methali nyingine mnaisahau: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Jambo la kuelewa ni hili: nyumba hiyo si sadaka. Kaunsili haimsaidii mama kwa sababu afisa ana moyo mzuri. Inamsaidia kwa sababu sheria inailazimisha. Sheria yenyewe haikuletwa kwa ajili yetu wageni. Huko nyuma familia ya Kiingereza ikikosa makazi ilipelekwa hosteli, mara nyingi baba akazuiwa kukaa nao, na watoto wakaweza kuchukuliwa wakalelewe na serikali. Mwaka 1966 BBC ilionyesha filamu ya Ken Loach iitwayo Cathy Come Home, kuhusu mama wa namna hiyo, na nchi nzima ikashtuka. Bado ilichukua miaka 11. Sheria ya kwanza ya watu wasio na makazi ilipita 1977, na ndiyo iliyosema kaunsili ina wajibu, na kwamba wenye watoto na wajawazito watangulizwe. Sheria ya Nyumba ya 1996 ikaongeza haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya na, ukishindwa, kwenda mahakama ya kaunti.

Umeona? Sheria ile ile inayokupa nyumba ndiyo inayokupa haki ya kusema nyumba hii haifai. Anayechukua nyumba na kuiacha haki hiyo hajashukuru zaidi ya mwenzake. Amechukua nusu tu ya alichopewa.

4. Kwa wale wa "kataa, watakupa nzuri"

Nyinyi ndio mnaoniogopesha zaidi, kwa sababu maneno yenu ni matamu.

Kaunsili ikishakubali kwamba ina jukumu kamili kwako, inaweza kukupa makazi ya muda, au inaweza kukupa ofa ya mwisho. Ofa ya mwisho inaweza kuwa nyumba ya kaunsili, ya shirika la nyumba, au ya mwenye nyumba binafsi. Tangu 2012 kaunsili zinaruhusiwa kumaliza jukumu lao kwa nyumba ya kupanga kwa mtu binafsi. Wengi wetu hatulijui hilo, tunadhani "si ya kaunsili, basi si ofa". Ni ofa.

Ukiikataa ofa hiyo, na kaunsili ikashikilia kwamba ilikuwa inafaa, jukumu lao kwako linaisha. Hapo utaandikiwa tarehe ya kutoka hata kwenye hicho chumba cha muda ulichokuwa unakilalamikia. Bado una haki ya kuomba mapitio, ndiyo, lakini sasa unapigana ukiwa na mabegi mkononi na watoto mgongoni. Ukishindwa, maji yameshamwagika.

Rafiki yako aliyekwambia "mimi nilikataa nikapewa bustani na vyumba vitatu" huenda alikuwa na sababu usizozijua, au alibahatika, au anapamba hadithi. Siku ukitolewa hatakufungulia sebule yake kwa miezi sita. Muulize kabisa.

5. Njia ya tatu

Sasa shika hapa, hata kama mengine utayasahau.

Kifungu cha 202 cha Sheria ya Nyumba ya 1996 kinasema mtu aliyepewa makazi chini ya jukumu hilo anaweza kuomba mapitio kuhusu kama makazi hayo yanafaa, awe ameikubali ofa au hajaikubali. Awe amekubali au hajakubali. Ndiyo maana nasema usikatae. Unasaini, unachukua funguo, unaingiza watoto, unapata pa kulala, halafu unaandika.

Muda ni siku 21 tangu ulipojulishwa uamuzi. Si siku 21 tangu ulipohamia, wala tangu ulipopata mtu wa kukutafsiria barua. Tarehe ya kupata barua iandike juu ya barua yenyewe kwa kalamu, siku hiyo hiyo. Ukichelewa kwa sababu ya msingi, kwa mfano ulikuwa umelazwa kujifungua, omba waongeze muda na waeleze kwa nini. Wanaweza kukubali, lakini si lazima wakubali.

Mapitio yakikuendea vizuri, wajibu wao unabaki na lazima watafute pengine panapofaa. Yakikuendea vibaya, bado uko ndani ya nyumba. Linganisha na yule aliyekataa.

6. "Inafaa" maana yake nini?

Haimaanishi nzuri. Haimaanishi ya kupendeza. Usiandike kwamba zulia ni la zamani au jiko ni dogo kuliko la mwanzo, watakutupa nje kwa ukurasa mmoja. Inamaanisha inafaa kwa familia HII, na afya yao, na shule zao, na mfuko wao. Kaunsili inatakiwa kuangalia mambo kama haya:

• Msongamano, na hatari ndani ya nyumba: unyevu, ukungu, baridi, umeme mbovu.
• Afya na ulemavu. Mtoto wa kiti cha magurudumu ghorofa ya nne bila lifti, hiyo si nyumba kwake.
• Umbali. Kama wamekupeleka nje ya eneo lao, wazingatie ni mbali kiasi gani, na itavuruga vipi kazi yako, shule ya watoto, na watu unaowahudumia.
• Umbali na hospitali, kliniki na msaada mwingine ambao familia yako inautumia na kuuhitaji.
• Kodi. Mapato yako yanaitosha baada ya chakula, nguo na umeme?

Kwenye umbali, kumbukeni kesi ya Westminster. Mama mmoja mgonjwa, analea peke yake watoto watano, alipewa nyumba Bletchley, karibu na Milton Keynes, kama maili 50 kutoka alikokuwa amezoea. Alikataa. Akasema huku nina marafiki wanaonishikia watoto nikizidiwa, watoto wana shule. Kaunsili ikasema jukumu letu limekwisha. Akashindwa mahakama ya kaunti, akashindwa mahakama ya rufaa, akashinda Mahakama ya Juu Aprili 2015. Jaji Hale alisema kaunsili haiwezi kusema tu kwamba nyumba ni chache halafu ikaishia hapo. Ieleze ilitafuta wapi, na kwa nini hapakupatikana pa karibu zaidi. Lakini oneni alivyoteseka kufika hapo, kwa sababu alipokataa alipoteza paa. Ushindi wake ni wetu sote. Njia aliyopita simshauri mama yeyote.

Kwenye kodi, ipo kesi ya Birmingham, 2019. Mama wa watoto wanne, kodi ilizidi msaada wake wa nyumba kwa kama pauni 150 kwa mwezi. Kaunsili ikaona angeweza kubana matumizi mengine ajazie. Mahakama ya Juu ikakataa mtazamo huo. Pesa ya kuwalisha watoto si akiba ya kuchotewa kodi.

7. Ile simu ya jioni

Sasa niseme na kaunsili.

Najua nyumba hazitoshi. Najua afisa mmoja ana mafaili mengi kuliko nilivyo na vitanda, na wengine ni watu wema wanaolala na mawazo. Hilo sibishi. Ninalopinga ni mtindo wa kumpigia mama simu jioni: "Tumepata nyumba, mji mwingine, jibu leo. Ukikataa hatuna tena wajibu na wewe." Hajaiona. Hajui basi linalopita hapo. Kiingereza chake ni cha sokoni, na anayemtafsiria ni binti yake wa miaka tisa.

Halafu simu hiyo ina nusu moja tu ya sheria. Ya kupoteza wanaitaja kwa sauti. Ya kupinga wanaisahau. Kumbe ofa ya mwisho lazima iwe kwa maandishi, na kwenye maandishi hayo lazima wakuambie mambo yote mawili: kitakachotokea ukikataa, na kwamba una haki ya kuomba mapitio. Mwongozo wa serikali kwa kaunsili unasema mtu apewe muda wa kutosha kufikiria.

Kwa hiyo ukipigiwa, sema hivi kwa utulivu: "Naomba nitumiwe kwa maandishi. Naomba kuiona. Naomba mkalimani." Hujakataa, hujatukana mtu. Kama muda unabana kweli na hakuna namna, kubali, halafu fuata njia ya tatu. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyo huyo afisa utamhitaji mwezi ujao.

Na tafadhalini, watoto wasiwe wakalimani wa mambo haya. Mtoto wa miaka tisa hatakiwi kujua kwamba kesho huenda hana pa kulala, wala kubeba neno analohisi amelitafsiri vibaya.

8. Barua yako, na barua ya sisi wa hospitali

Ombi la mapitio si lazima liwe na Kiingereza cha chuo kikuu. Mstari mmoja unatosha kuanzia: jina lako, namba ya faili, tarehe ya uamuzi, na maneno haya kwa Kiingereza, "I request a review under section 202, Housing Act 1996, of the suitability of this accommodation." Tuma kwa barua pepe ili ubaki na ushahidi wa siku na saa. Sababu na ushahidi unaweza kufuatisha. Omba na nakala ya faili lako.

Ushahidi unauanza siku ya kwanza. Piga picha ukuta, dirisha, ngazi. Andika kwenye daftari: tarehe, mtoto alikohoa usiku mzima, tulienda kwa daktari, tulilazwa. Pima safari ya shule, saa ngapi mlitoka, saa ngapi mlifika, nauli kiasi gani.

Sasa kwa manesi na madaktari wenzangu. Tuache barua za mistari miwili. "Mtoto huyu ana pumu. Tafadhali msaidieni nyumba." Barua hiyo haimsaidii mtu. Afisa anaisoma na kujibu, "Watoto wengi wana pumu." Barua yenye maana inaeleza: amelazwa mara ngapi na lini, nini kinamchochea, anahitaji nini nyumbani, na nini kitatokea akibaki humo. Ukiona mtoto mchanga hana pa kulala salama, kiandike hivyo hivyo. Huna haja ya kusema kaunsili imekosea, hiyo si kazi yetu. Sema ukweli wa kitabibu wote, usikatie nusu.

Na wewe mama, usiombe "barua ya nyumba". Muulize daktari: "Unaweza kuandika jinsi nyumba hii inavyomwathiri mtoto wangu?" Utapata barua tofauti kabisa.

9. Baada ya kuandika

Anayepitia uamuzi lazima awe afisa ambaye hakushiriki kwenye uamuzi wa kwanza, na wa ngazi ya juu kuliko aliyeuamua. Kwa suala la kufaa kwa nyumba wana wiki 8, labda mkubaliane kuongeza.

Akiona uamuzi wa kwanza ulikuwa na kasoro lakini bado anaelekea kukukatalia, anatakiwa akuandikie kwanza akueleze kwa nini, na akupe nafasi ya kujibu kwa maandishi au kwa mdomo. Barua hiyo watu wengi wanaiona kama hukumu, wanakata tamaa, wanaitupa. Usiitupe! Huo ni mlango bado uko wazi.

Jibu likiwa "hapana", una siku nyingine 21 kukata rufaa mahakama ya kaunti. Huko unahitaji kosa la kisheria, kwa mfano hawakuzingatia ushahidi wa daktari, au hawakueleza sababu. Hapo tafuta wakili. Msaada wa kisheria unaolipiwa na serikali bado upo kwa watu wanaopoteza makazi, kama kipato chako ni kidogo. Anza na Shelter au Citizens Advice, na anza mapema, usingoje siku ya 20.

10. Mitego minne

Kwanza, makazi ya dharura. Chumba unachopewa wakati kaunsili bado inachunguza kesi yako hakina mapitio ya kifungu cha 202. Hakifai? Kinapingwa kwa njia nyingine ya mahakama, na hiyo ni ya wakili. Usidhani huna haki, ila usitumie fomu isiyo yake.

Pili, hoteli. Chumba cha hoteli au gesti ambako mnachangia choo, bafu au jiko na watu wengine hakihesabiwi kuwa kinafaa kwa mjamzito au familia yenye watoto. Wanaweza kukutumia huko kama hakuna kabisa pengine, na hata hapo isizidi wiki 6. Hosteli ya kaunsili yenyewe haimo kwenye kanuni hiyo. Hesabu wiki zako.

Tatu, aliyekupiga. Kama nyumba inakupeleka karibu na mtu aliyekufanyia ukatili, sahau kanuni yangu ya "kubali kwanza". Usihamie na usikatae kabla hujaongea na wakili au shirika la wanawake, siku hiyo hiyo. Mwambie afisa kwa maandishi kwamba ni suala la usalama.

Nne, viza. Kama viza yako inasema huruhusiwi misaada ya umma, na wenzangu wengi wa viza za kazi mko humo, msaada huu wa makazi umehesabiwa kuwa msaada wa umma. Usijaze fomu kwa kufuata posti yangu. Ona wakili wa uhamiaji kwanza. Lakini ukiwa na watoto na hamna pa kulala, Sheria ya Watoto ya 1989, kifungu cha 17, inaigusa kaunsili kwa mlango wa ustawi wa jamii. Nao unahitaji ushauri, ila upo.

11. Majibu ya maswali ya inbox

"Nikilalamika watachukua watoto wangu." Hofu hii nimeisikia kwa Mtanzania, kwa Mkenya, kwa Mkongo, kwa Mbarawa. Naielewa. Lakini kuomba mapitio si kosa, na hakuna sheria inayosema mzazi aliyedai nyumba salama anyang'anywe watoto. Mzazi anayeandika kwamba ukungu unaumiza mtoto wake anaonyesha anamlinda.

"Wataniweka alama, sitapewa tena." Wajibu wao haupungui kwa sababu uliandika. Ndiyo maana kila kitu kiwe kwa maandishi na kwa heshima.

"Unawaziba wengine kwenye foleni." Hapana. Hii hoja inaniudhi kuliko zote. Nyumba ikiwa haifai kwa mtoto wa kiti cha magurudumu inaweza kumfaa mwingine, na yako ikamfaa mtu mwingine. Na nyumba yenye ukungu ikirekebishwa kwa sababu wewe uliandika, anayekufuata anaikuta salama. Ukikaa kimya, hajafaidika mtu.

"Mume wangu amesema tusijitafutie matatizo." Baba, na wewe nakuheshimu. Ila aliyekaa kwenye kiti kigumu pembeni ya kitanda cha wodi saa tisa usiku, mara ya nne mwaka huu, mara nyingi ni mama. Kaeni mkubaliane, halafu wewe ndiye upige picha hizo za ukuta.

12. Ninachowaomba

Shangazi, ukiona binti amepata nyumba, mpongeze, mletee sufuria na mashuka. Halafu muulize swali moja: "Barua ina tarehe gani?" Viongozi wa dini, kwenye matangazo yenu ya mwisho wa wiki, weka dakika moja ya siku 21. Wasimamizi wa magrupu, bandikeni juu maneno haya matatu: pokea, andika, fuatilia. Anayejua Kiingereza vizuri, jitolee saa moja kumsaidia mwenzako asiandikiwe na mtoto wake.

Kesho nitaweka mfano wa daftari la ushahidi, ukurasa kwa ukurasa, mnaweza kuunakili. Mwenye barua mkononi leo, usisubiri kesho. Angalia tarehe, hesabu siku zilizobaki, andika ule mstari mmoja, utume.